Kinamasi, Bata na Haki ya Mkulima

Katika nchi ambayo kila kilomita ya mraba hubeba watu 503, kama sensa ya Rwanda ya mwaka 2022 ilivyoonyesha, kumwambia mkulima aache shamba lake lifunikwe na maji ili ndege wapate pa kutua si neno dogo. Hata hivyo neno hilo limekwisha semwa, hapa kwetu na kwingineko, na lingali likisemwa; tena aghalabu husemwa na watu wenye nia njema na elimu ya kutosha. Makala haya yanakusudia kulipima kwa mizani ya maadili. Swali lenyewe ni hili: ikiwa shamba la mtu mmoja likirudishwa kuwa kinamasi litawafaa watu wengi, je, manufaa ya hao wengi yanatosha kuwa haki ya kumwondoa huyo mmoja? Nitajaribu kuonyesha kwamba hayatoshi, na kwamba kuna deni ambalo manufaa ya wengi hayawezi kulifuta. Funzo la kwanza juu ya deni hilo tutalipata mahali ambapo wengi wetu hatungelitazamia, yaani kwa wawindaji wa bata wa Marekani.

I. Jina na hukumu

Sisi walimu wa lugha twajua kwamba kitu kikishapewa jina, nusu ya hukumu yake imekwisha pitishwa. Ardhi yenye maji Kiswahili huiita kinamasi, au tingatinga. Kinyarwanda huiita igishanga. Mmea wake mkuu kwetu ni mafunjo, na kwa Kinyarwanda ni urufunzo. Hakuna lawama yoyote ndani ya maneno hayo. Lawama huja pale mpimaji anapoandika katika daftari lake "ardhi isiyotumika" au "ardhi mbovu". Tangu siku hiyo kinamasi huwa ni kosa linalongoja kusahihishwa. Sina haja ya kudai kwamba maana mbili za neno tingatinga zina asili moja, lakini hapana budi tuone kejeli iliyomo: neno hilo linalotaja kinamasi ndilo hilo tulitumialo kutaja trekta, mashine iliyotumwa kila pembe ya dunia katika karne ya 20 kwenda kuvikausha vinamasi.

Waliovikausha hawakuwa wahalifu. Nchini Marekani, bunge lilipitisha sheria katika miaka ya 1849, 1850 na 1860 za kuyapa majimbo ardhi zenye vinamasi, kwa kusudi kwamba zikaushwe na kulimwa. Nchini Rwanda, baada ya njaa kubwa ya mwaka 1928 na 1929, ambayo wazee waliiita Rwakayihura, watawala wa Kibelgiji walihimiza kilimo cha mabondeni, kwa sababu kinamasi hutoa chakula wakati wa kiangazi, mlima unapokuwa umekauka. Viazi vitamu vya bondeni viliwavusha wengi. Baadaye serikali ya nchi huru nayo iliendelea kuyatayarisha mabonde kwa ajili ya mpunga na mboga, na hata leo mpunga wa Bugarama hutoka katika ardhi ya namna hiyo. Mkulima aliyechimba mtaro ili maji yaondoke alikuwa mtu mwema machoni pa wakubwa wake. Alipongezwa, akaonyeshwa kwa jirani zake kuwa ni mfano.

Kisha elimu ikageuka. Wataalamu wakatambua kwamba kinamasi ni kama sifongo: hunywa mvua ya masika na kuitoa polepole wakati wa kiangazi, huchuja udongo usiende ziwani, huwapa samaki pa kuzalia na ndege pa kutagia. Tangu hapo yule mkulima wa mfano akaitwa mharibifu wa mazingira. Mkulima mwenyewe hakusogea hata hatua moja. Jembe ni lile lile, na mtaro ni ule ule. Kilichobadilika ni jina lake katika daftari la mwingine. Basi mtu akituambia kwamba mkulima wa kinamasini hastahili chochote maadam yeye ndiye aliyekiharibu, na tumwulize kwanza: ni nani aliyemtuma?

II. Wawindaji wa bata

Sasa tuvuke bahari. Marekani, ukiondoa Alaska na Hawaii, ilipoteza zaidi ya nusu ya vinamasi vyake kati ya miaka ya 1780 na miaka ya 1980. Katika ukame mkali wa miaka ya 1930 bata-mwitu walipungua sana, na watu wa kwanza kuona pengo hilo walikuwa wawindaji, ambao kila majira ya kupukutika majani walizoea kuvizia makundi ya bata yakishuka kutoka Kanada. Mwaka 1934 ikatungwa sheria kwamba kila mwindaji wa bata aliyetimiza miaka 16 anunue stempu maalumu kabla ya kufyatua risasi. Stempu ya kwanza ilichorwa na Jay Darling, mchoraji wa katuni za magazetini ambaye wakati huo alikuwa mkuu wa idara ya serikali iliyoshughulikia wanyama pori. Bei yake ilikuwa dola 1. Tangu mwaka 2015 ni dola 25. Fedha hizo hutumiwa kununua au kukodi ardhi ya kinamasi. Mpaka sasa zimekwisha kusanywa zaidi ya dola bilioni 1, na karibu ekari milioni 6 zimehifadhiwa. Mwaka 1937 wawindaji wengine wakaunda chama kiitwacho Ducks Unlimited, ambacho kazi yake ni hiyo hiyo ya kurudisha maji mahali pake.

Jambo linalotuhusu zaidi lilikuja mwaka 1990, sheria ya kilimo ya nchi hiyo ilipoanzisha mpango wa akiba ya vinamasi. Tuchukue mkulima mwenye shamba la bondeni lisilopitisha maji vizuri. Kila mwaka wa mvua nyingi mahindi yake huoza, naye hubaki na deni la mbegu na mbolea. Serikali humwendea na kumwambia: tuuzie haki ya kulima shamba hili, nalo libaki mali yako. Akikubali, hutiliana mkataba na kulipwa. Kisha mafundi huja. Huvunja mabomba ya udongo yaliyofukiwa chini ili kunyonya maji, huziba mitaro, na huinua tuta dogo lenye lango la kupandishia na kushushia maji. Hapahitajiki maji mengi. Bata wengi wa porini hawapigi mbizi. Hula kwa kuinamisha kichwa na kuinua mkia, basi maji ya kina cha magoti huwatosha. Mwangalizi mwenye ujuzi hushusha maji wakati wa joto ili majani yenye mbegu yaote katika tope, kisha hufungia maji majira ya baridi yakikaribia, bata wakute meza imeandaliwa. Mwenye shamba huweza kuwinda humo, kuvua, au kukodisha nafasi ya kuwinda kwa watu wa mjini. Zaidi ya ekari milioni 2 ziliingia katika mpango huo, na mwaka 2014 ukaunganishwa na mingine ya namna yake chini ya jina jipya.

Hapa msomaji atasema: lakini mwindaji humhifadhi bata ili amwue. Je, tendo jema likifanywa kwa nia ya kuua, lingali jema? Swali hili si dogo, na baadhi ya wanafalsafa wameshikilia kwamba tendo hupimwa kwa nia yake peke yake. Mimi naona tutenge mambo mawili. Tukimpima mtu, tutazame nia. Tukilipima tendo, hatuna budi kutazama pia lililotokea. Yamkini mwindaji hampendi bata kama tunavyompenda rafiki. Anampenda kama mfugaji anavyompenda mbuzi wake. Walakini chura, kerengende na ndege wengine wasiowindwa na mtu wote wameneemeka katika maji yale yale, na mto ulioko chini umepata maji safi zaidi. Mgala muue na haki umpe. Haki ya mwindaji huyu ni kwamba alichokitaka alikilipia kwa fedha yake mwenyewe. Hakumwambia mkulima, "Nipishe, kwa maana bata wangu ni manufaa ya taifa." Alimwuliza, akangoja jibu, akalipa. Na mkulima aliyesema hapana, shamba lake lilibaki likilimwa mahindi.

III. Rugezi

Turudi nyumbani. Kaskazini mwa Rwanda, katika wilaya za Burera na Gicumbi, kuna kinamasi cha Rugezi chenye hekta zipatazo 6,700. Maji yake hutiririka kuingia Ziwa Burera, hupita katika mitambo ya umeme ya Ntaruka, huingia Ziwa Ruhondo, kisha huendesha mitambo ya Mukungwa. Hivyo kinamasi kimoja hutumikia mitambo miwili. Watu walipozidi kukichimbia mitaro na kukilima, sifongo ikapoteza nguvu yake ya kushika maji. Ukame nao ukaongezeka, na tena maji ya ziwa yalikuwa yametumiwa na mitambo kupita kiasi. Ilipofika mwaka 2004 kina cha Ziwa Burera kilikuwa kimeshuka mno, Ntaruka ikakaribia kusimama, miji ikaingia gizani kwa zamu, na serikali ikalazimika kukodi jenereta za dizeli. Bei ya umeme ikapanda zaidi ya maradufu.

Ndipo kilimo ndani ya Rugezi kikakatazwa na mitaro ikazibwa. Mwaka 2005 kinamasi hicho kiliandikishwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, uliotiwa sahihi mwaka 1971 katika mji wa Ramsar nchini Iran. Jina kamili la mkataba huo hutaja vinamasi vyenye umuhimu wa kimataifa, hasa kama makazi ya ndege wa majini. Na miongoni mwa waliouandaa walikuwamo watu waliokuwa wakiwafuatilia bata kwa sababu ya uwindaji. Kwa hiyo uzi mmoja mwembamba huunganisha bunduki za wawindaji wa Ulaya na mafunjo ya Rugezi, ingawa kule Rugezi hakuna awindaye bata kwa tiketi.

Matunda yalionekana. Maji yalipanda, Ntaruka ikarudi kazini, na mwaka 2010 Rwanda ikapewa tuzo ya kimataifa kwa ajili ya Rugezi. Ndege nao walifaidika. Korongo mwenye taji, ambaye Wanyarwanda humwita umusambi, alihesabiwa nchini mwaka 2017 akapatikana 487 tu. Hesabu za miaka ya karibuni zimepita 1,000, na Rugezi ni mojawapo ya makazi yake makubwa. Mimi sina shaka kwamba kuirudisha Rugezi lilikuwa jambo jema. Mtu akisoma makala haya akadhani nataka mitaro ichimbwe tena, atakuwa hakunielewa.

Lakini na tuhesabu nani alipata na nani alitoa. Aliyepata ni mwenye taa mjini Kigali, mwenye kiwanda, mwenye jokofu la kuuzia soda, mtalii mwenye darubini, na taifa zima kwa heshima lililoipata. Aliyetoa ni mtu wa kijiji cha ukingoni, ambaye mara nyingi hata waya wa umeme haukufika nyumbani kwake, naye alikuwa na vijituta vichache vya viazi vitamu mle bondeni vya kumvusha miezi ya Julai na Agosti. Alipewa mipango ya kumsaidia, kama mizinga ya nyuki na majani ya malisho, na mipango hiyo ilikuwa na faida yake. Ila mzinga wa nyuki hauliwi mwezi Julai. Tena kwa vile sheria ya ardhi ya mwaka 2005 ilitamka kwamba vinamasi ni mali ya serikali, yule mkulima hakuwa na hati ya kuweka mezani. Aliyepewa dola katika bonde la Marekani alilipwa kwa sababu alikuwa mwenye shamba. Wa Rugezi kisheria alikuwa mtumiaji tu.

IV. Hoja tatu za upande wa pili

Yapo majibu matatu hutolewa dhidi ya fikira ninazozitetea, na kila moja lastahili kusikilizwa.

La kwanza ni hilo la sheria: kinamasi ni cha serikali, basi hakuna aliyenyang'anywa. Najibu kwamba sheria hutuambia ni nani mwenye mali, nayo ni muhimu. Haituambii ni nani aliyeumia. Mtu aliyelima mahali pamoja tangu kwa babu yake, kwa kuhimizwa na kila mkubwa aliyepita, amejenga maisha yake juu ya ruhusa hiyo. Ruhusa huweza kuondolewa. Lakini aiondoaye ghafula ruhusa aliyoitoa kwa miaka mingi huwa na wajibu kwa yule aliyeitegemea. Hata mwenye nyumba hamtoi mpangaji usiku wa manane.

La pili ni hoja ya wengi: mamilioni wakipata umeme na maji, mamia wakipata hasara, hesabu yaonyesha faida. Hoja hii ina nguvu, nami sitaki kuidharau, maana bila ya kufikiri hivyo hakuna barabara wala hospitali ambayo ingejengwa. Lakini tazama kasoro yake. Ikiwa faida ni kubwa kama inavyosemwa, basi wenye kufaidika wana uwezo wa kumlipa aliyepoteza nao wakabaki na faida. Wakikataa kumlipa, watakuwa wanakiri mojawapo ya mambo mawili: ama faida si kubwa hivyo, ama wanataka kumla mwenzao. Hesabu ya jumla hutuonyesha kama tendo linafaa. Haituonyeshi kama limetendwa kwa haki.

Hoja hii ya wengi imewahi kuleta madhara makubwa kwa jirani zetu. Katika bonde la Usangu nchini Tanzania kuna kinamasi cha Ihefu, kinachoulisha Mto Ruaha Mkuu. Tangu mwaka 1993 mto huo ulianza kukauka kabisa katika sehemu fulani wakati wa kiangazi. Chini yake yako mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, na miji ilipokosa umeme kidole kilielekezwa kwa wafugaji na wakulima wa mpunga. Wako wataalamu waliopinga, wakasema upungufu wa Mtera ulitokana zaidi na namna bwawa lenyewe lilivyoendeshwa. Hata hivyo mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa pamoja na ng'ombe wao kupelekwa mikoa ya mbali, na malalamiko ya mateso yakawa mengi hata Rais akaunda tume ya kuchunguza mwaka 2007. Mwaka 2008 eneo hilo likaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Ukilinganisha Rugezi na Ihefu utaona mwendo mmoja: taa imezimika mjini, na mwenye jembe au fimbo ya kuchungia kinamasini akawa wa kwanza kulaumiwa, kwa kuwa yeye ndiye aliye mbali zaidi na mahali pa kutolea hukumu. Mwendesha mitambo aliyetumia maji kupita kiasi hakuambiwa ahame.

Jibu la tatu ndilo lililo gumu kuliko yote. Mtu atasema: ukiufanya mfano wa mwindaji kuwa kanuni, umeikabidhi dunia kwa wenye fedha. Bata ana mwindaji wa kumlipia. Je, nani atamlipia chiriku wa kinamasi asiyeliwa wala kuimbwa? Na siku tajiri akija na fedha za kununua bonde zima ili awinde na wageni wake, masikini ataweza kweli kusema hapana? Hoja hii ni ya haki. Njaa hukubali bei yoyote, na sahihi ya mwenye njaa si ridhaa kamili. Ndiyo maana sisemi kwamba uwindaji wa bata uletwe Rugezi, wala kwamba soko ndilo liamue. Ninalolichukua kwa mwindaji ni jambo moja tu, nalo ni desturi ya kumwuliza mwenye kupoteza na kumlipa. Kwa upande wetu mlipaji apaswaye ni yule anayekinufaikia kinamasi kila siku bila kukiona. Kila uniti ya umeme utokao Ntaruka na Mukungwa imepita katika mafunjo ya Rugezi. Sehemu ndogo ya bei yake ikirudi kila mwaka katika vijiji vya ukingoni, haitakuwa sadaka. Itakuwa malipo ya kazi, maana kukiacha kinamasi bila kukilima ni kazi: ni kukaa na njaa ukiangalia udongo mweusi wenye rutuba, nawe ukajizuia.

V. Bonde letu la Sebeya

Huenda msomaji wa Gisenyi akaona kwamba Rugezi ni mbali. Basi na tutazame mto wetu wenyewe. Sebeya huteremka kutoka milima ya Gishwati, hupita Kanama, Mahoko na Nyundo, huendesha mitambo midogo ya umeme kama Keya na Gihira, kisha huingia Ziwa Kivu karibu na mji. Msitu wa Gishwati, uliokuwa na hekta zipatazo 28,000 katika miaka ya 1970, ulikwisha hata kubaki mamia machache ya hekta mwanzoni mwa karne hii, kabla ya juhudi za kuurudisha zilizozaa Hifadhi ya Taifa ya Gishwati-Mukura. Milima iliyokuwa ikishika mvua ikawa mashamba ya viazi na malisho. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa ilinyesha, Sebeya ikafurika, na katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini watu zaidi ya 130 walikufa, wengi wao wakiwa wamelala.

Baada ya msiba wa namna ile ni rahisi kukubaliana kwamba maji yapewe nafasi yake. Yapo matuta na bwawa la kuzuia kasi ya mafuriko, zipo kanuni za kuacha mita 10 ukingoni mwa mto mkubwa na mita 50 ukingoni mwa ziwa, na wapo watu waliohamishwa. Mahali pengine bonde lililokuwa shamba litarudi kuwa na maji sehemu ya mwaka, na bata watatua. Vema. Waliozikwa Nyundo na Rugerero hawaturuhusu kusema vinginevyo. Lakini mtu wa juu, aliye Gishwati au Kanama, atakapoambiwa aache mtelemko wake uote miti au bonde lake lijae maji ili wa Mahoko na wa Gisenyi walale usingizi, swali litakuwa lile lile. Sisi wa chini, wenye nyumba, hoteli na maduka yaliyookoka, tutamwambia nini? Tukimwambia asante peke yake, atakwenda kulima usiku, na hatutakuwa na uso wa kumlaumu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Lakini aliye chini ya mlima afadhali amjue aliye juu yake.

VI. Mambo matatu ya kushika

Kutokana na hayo naona kwamba shamba la mtu laweza kurudishiwa maji kwa haki iwapo mambo matatu yametimizwa. La kwanza, aulizwe mapema, kwa lugha aielewayo, naye apewe nafasi ya kueleza ni mwezi gani humtegemea shamba hilo na kwa chakula gani. Hili halina gharama, nalo ndilo hurukwa kuliko yote. La pili, alipwe kwa kipimo cha alichopoteza, na mlipaji awe yule aliyefaidika. Tena alipwe katika msimu wa njaa yake, si katika msimu wa bajeti ya wengine. La tatu, abaki na fungu katika kinamasi kipya: mafunjo ya kusukia mikeka, samaki, nyasi za kukata kwa kiasi, kazi ya ulinzi na ya kuwaongoza wageni. Mwindaji wa Marekani alimwachia mkulima haki ya kuvua na kuwinda katika ardhi yake. Hatuna sababu ya kumpa wa kwetu pungufu ya hapo.

Mtu ataniuliza: je, ikiwa fedha za kulipa hazipo, na hatari ni kubwa, tungoje? Hapana. Nyumba ikiwaka moto hatungoji kupatana bei ya maji. Lakini deni lisilolipika leo huandikwa, halifutwi. Tofauti kati ya serikali, mji au jirani mwenye haki na asiye na haki si kwamba wa kwanza hadaiwi. Ni kwamba akidaiwa hukiri, na kila mwaka hupunguza kidogo.

Sisi walimu wa Kiswahili hatuna mitambo wala hazina. Tuna insha, mjadala na kamusi. Twaweza kumpa mwanafunzi wa kidato cha tatu mada ya mjadala: "Bonde la Sebeya lirudishiwe maji." Lakini tusiiache hapo. Tuongeze sentensi ya pili, na alama nyingi zaidi tuzitoe kwa atakayeijibu: "Taja atakayepoteza, na ueleze ni nani atakayemlipa."